Pua Iliyonyamaza

Jumanne hiyo Sindano alishona foronya ya kiti, akaifumua, akaishona tena, akaifumua tena, mwishowe akaitupa juu ya rundo la sufi na kwenda kusimama dirishani. Hakuwa anaangalia kitu. Saa kumi alasiri mwanaume anayempenda angeingia nyumbani kwa mama yake Sindano akiwa na dada yake mkubwa, aseme lililomleta. Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa kidogo, akainuka tena kama kuku anayetaka kutaga na haoni pa kutagia.

Jina la Sindano hakupewa na wazazi. Alipewa na mafundi wa karakana ya mjomba wake, baadhi wakisema ni kwa sababu ya kazi yake ya kushona makochi, baadhi wakisema ni kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Kwa miaka minne alikuwa amekataa katakata kutia sponji na gundi ya kopo katika kiti chochote kinachopita mikononi mwake. Kwanza alipokuwa akifanyia kazi nyumbani, kisha, tangu mwaka jana, katika chumba cha nyuma alichopewa na mjomba. Alijaza usumba wa nazi, sufi na pamba, akavika marekani, akakaza kwa kamba na misumari midogo. Mjomba aliviita viti vya kutotolea vifaranga. Lakini wateja walikuwa wameanza kufika mlangoni na kumuuliza yule dada wa viti visivyonuka.

Sababu yake haikuwa siri. Baba yake alipuliza vanishi katika karakana hiyo hiyo miaka kumi na tisa, kitambaa chepesi kikiwa kimefungwa usoni, akimfanyia kazi shemeji yake. Kwanza ilikwenda pua. Chakula kikakosa ladha, akawa anamgombeza mkewe bure kwamba mchuzi hauna chumvi. Kisha kikaja kikohozi, na baada ya kikohozi pumzi ikawa ya kuokoteza. Walimzika baba wakati Sindano ana miaka ishirini na saba.

Ndiyo maana mama yake aliposikia kwamba mchumba aliyepatikana ni mpuliza vanishi, tena wa karakana ile ile, tena ndiye aliyekabidhiwa bunduki ya rangi ya marehemu, hakupandisha sauti. Alisema kwamba hatazika mkwe kama alivyozika mume, na kwa miezi mitatu kila jambo hilo lilipoguswa alilirudia neno lile lile, kwa sauti ile ile, huku akiendelea na kazi zake. Wiki iliyopita tu ndipo alipolegea kidogo. Alikuwa anakunja nguo, akasema bila kumtazama binti yake, mwambie aje Jumanne, nitamsikiliza; kusikiliza si kukubali.

Mwanaume mwenyewe walimwita Pua. Alipoingia karakana miaka minne iliyopita alikuwa na ufundi wa ajabu: aliokota konzi ya maranda sakafuni, akafumba macho, akanusa, akasema huu mvule, huu mtiki, na huu mnaoambiwa mtiki ni mkaratusi, mmepigwa. Wauza mbao walimwogopa kuliko mjomba mwenyewe. Alikuwa mrefu, mpole, mzito wa kusema. Ilimchukua majuma mengi kumtamkia Sindano neno la kwanza la mapenzi, na alipolitamka lilikuwa neno la mtu wa pua: "Unanukia kama nguo iliyoanikwa juani." Sindano alicheka mbele yake, kisha akaenda nalo nyumbani. Kwa miezi kumi alikuwa akilitoa na kulitazama, kama mtu anavyotazama kitu alichoficha chini ya mto.

Siku hiyo ya Jumanne ilikuwa na jambo jingine pia. Mkunga angekuja kukagua vitanda.

Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa anafungua nyumba ndogo ya kina mama wanaojifungua. Aliagiza vitanda sita vya wazazi, viti sita vya kunyonyeshea, na vitanda vidogo sita vya watoto wachanga. Alikuwa na masharti yake. Hakutaka chipubodi hata kipande, alitaka mbao halisi, hakutaka sponji, na juu ya yote hakutaka vanishi ya kupuliza wala tina ya kuiyeyushia, bali mafuta ya mbegu za kitani na nta ya nyuki, yapakwe kwa kitambaa na kuachwa yakauke yenyewe. Mtoto akitoka tumboni, alimwambia mjomba, kitu cha kwanza anachovuta ni hewa ya chumba. Hataki iwe hewa ya duka la rangi. Mjomba alinung'unika kwamba mafuta yanachukua siku nne kufanya kazi ambayo bunduki inaifanya kwa saa moja. Sindano alimbembeleza, akamwekea dhamana ya jina lake. Ilikuwa kazi ya kwanza katika karakana nzima kufanywa bila tone la tina, na aliitaka ikamilike vizuri kiasi kwamba usiku aliota misumari.

Mkunga alifika saa nne kasorobo. Walikwenda wote katika chumba cha mwisho ambako vitanda vya watoto vilifungiwa tangu Ijumaa visiingiwe vumbi: mkunga, mjomba, Sindano, na Pua aliyekuwa na ufunguo, kwani kazi ya mafuta ilikuwa yake. Pua alifungua mlango na kutangulia ndani. Vitanda vilipendeza. Mbao zilikuwa zimekolea rangi ya asali, na pembe zote zilikuwa laini. Mkunga alitabasamu, akapiga hatua mbili, akasimama.

Sindano naye alikuwa ameisikia. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyochacha, nzito, kama sufuria ya samaki iliyosahauliwa chini ya meza.

"Kuna kitu kimeoza humu," mkunga akasema.

Pua alikuwa ameinama juu ya kitanda cha kwanza, uso wake haupo mbali na ubao hata shibiri moja. Aligeuka, akasema kwa utulivu kabisa, "Ni nta mpya, mama. Inanukia hivyo siku za mwanzo, kisha inaisha."

Mjomba alimtazama Pua kama mtu anayemtazama mlevi. Mkunga akamtazama mjomba. Na Sindano, ambaye alijua kwamba stoo kulikuwa na madumu mawili ya mafuta, la mwaka jana lililoharibika na jipya, na kwamba kuyatofautisha ilikuwa kazi ya kunusa tu, alielewa ni dumu lipi lililochotwa. Kabla hajawaza sawasawa alijisikia akisema kwamba dumu alilichagua yeye, kwamba alikuwa na haraka, kwamba kosa ni lake.

Mjomba hakumwonea haya mbele ya mteja. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba mambo haya ya mafuta ya mbegu yangewaumbua, na kwamba kwa vanishi leo wangekuwa wanapakia gari. Mkunga alimsikiliza mpaka akachoka. Kisha akasema kwamba yeye bado anataka mafuta na nta, ila yaliyo mazima. Anawapa wiki moja, wakwangue vyote na kuanza upya. Alipokuwa anatoka alimpita Sindano bila kumwangalia, na hilo likamchoma kuliko maneno ya mjomba.

Sindano alimngoja Pua uani, nyuma ya karakana, palipopangwa mbao za kukaushwa. Alikwenda na kurudi kati ya safu mbili za mbao, akiwa na kitambaa mkononi. Pua alipotokea, alimwambia asimame pale pale na kufumba macho. Pua alifumba. Sindano akamsogezea kile kitambaa karibu na uso. Alikuwa amekilowesha tina, kali kiasi kwamba yeye mwenyewe macho yalikuwa yanachuruzika.

"Nimeshika nini?"

Pua akavuta pumzi, polepole, kama zamani alipokuwa akinusa maranda mbele ya wauza mbao.

"Nta," akasema.

Sindano alishusha kitambaa. Pua alifumbua macho, akaona kitambaa, akaona machozi, akajua.

"Tangu lini?"

"Mwaka mmoja na miezi miwili."

"Na mbao? Juzi umemwambia yule mzee mbao zake ni mvule."

"Nimeangalia nyuzi zake. Na uzito. Mtu akishakuita Pua, hakuna anayekuuliza umejuaje."

Sindano alihesabu kimoyomoyo, ingawa hakutaka. Yeye aliingia karakana hiyo miezi kumi na moja iliyopita. Alirudia hesabu akitumaini kwamba amekosea.

"Uliniambia nanukia kama nguo iliyoanikwa juani."

Pua aliinamisha kichwa. Alikuwa na tabia ya kukuna kidole gumba kwa kucha anapozidiwa, na sasa alikikuna kana kwamba anataka kukimenya. Alieleza kwa maneno ya kukatika kwamba siku hiyo alimsikia mke wa mjomba akimwambia Sindano mlangoni kwamba ananukia vizuri. Naye alikuwa ametafuta neno la kumwambia kwa majuma mengi bila kulipata. Akalichukua lile, akaliongezea la nguo na jua.

"Kwa hiyo hujawahi," Sindano akasema.

"Sijawahi kuisikia harufu yako hata siku moja."

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kupasua mbao iliwaka, ikapiga kelele, ikazimwa. Sindano alishangaa kuona kwamba kilichomuuma zaidi hakikuwa vitanda wala jina lake lililochafuka kwa mkunga. Ni lile neno la mkopo alilolala nalo miezi kumi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wiki ya pili tu tulipoanza kuzungumza ulinisimulia habari za marehemu baba yako. Ukasema alianza kwa pua." Pua aligeukia safu ya mbao. "Nikarudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Ningekuambia, ungekaa na mimi?"

Ile 'ndiyo' ilikuwa ulimini mwa Sindano. Alitaka kuitoa papo hapo, iwe nyepesi na ya haraka, lakini alimwona baba yake akiwa amekaa pembeni mwa kitanda, mikono magotini, akitafuta pumzi, na ile 'ndiyo' ikachelewa. Haikuchelewa sana. Ilitosha.

"Umeona," Pua akasema taratibu, bila kumlaumu.

Hilo la kutolaumiwa ndilo lililompandisha hasira. Alimwambia kwamba yeye amejitwika kosa lake mbele ya mteja na mjomba, na Pua anasimama hapo kumpima kama ubao. Alimwambia kwamba mtu mwenye pua iliyokufa anayeendelea kupuliza vanishi anachimba kaburi lake kwa mikono yake, tena anamwalika mwenzake aje kushika koleo. Alisema na mengine ambayo baadaye hakutaka kuyakumbuka. Mwisho akasema, "Leo usije."

"Nitakuja."

"Uje kumwambia mama yangu nini? Umdanganye na yeye?"

Sindano alikitupa kitambaa chini na kuondoka. Hakurudi katika chumba chake cha kazi. Alipita moja kwa moja hadi barabarani, mkasi ukiwa bado umening'inia shingoni, akatembea kwenda nyumbani mwendo wa dakika arobaini bila kuona alikopita.

Nyumbani alimkuta mama amevaa gauni lake la heshima, lile la kijivu, na vikombe vya wageni vimepangwa mezani vikiwa vimefunikwa kitambaa. Mama alisema kwamba ni vikombe tu, asije akafikiri kuna jingine. Sindano alikwenda kuoga. Alibadilisha nguo mara mbili. Alifuta meza, akafuta madirisha, akarudi kufuta meza. Mama alimfuatisha kwa macho kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kama kijana amemfanya jambo. Sindano akasema hapana. Akaingia chumbani, akatoka, akaenda kuangalia getini, akarudi.

Kwa kweli alikuwa kati ya mambo mawili. Akisema, mama angeondoa vikombe vyake mezani moja kwa moja na neno lake la miezi mitatu lingekuwa limeshinda. Asiposema, yeye naye angekuwa amedanganya, tena angemdanganya mama yake juu ya kitu kile kile kilichomchukua baba yake. Aliwaza kwamba pengine Pua hatakuja. Akajikuta anaogopa hilo kuliko yote, na hilo nalo likamkera. Saa kumi kasoro dakika kumi alikata shauri kusema. Alikaa mkabala na mama, akamwita, mama akainua uso. Geti likagongwa.

Pua aliingia amevaa shati jeupe na suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Dada yake alitangulia, mwanamke mnene mchangamfu mwenye viatu vipya vilivyombana waziwazi. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alisalimia kwa urefu, akauliza hali ya kila kitu katika nyumba ile, akakaa, akakohoa kidogo, akaanza kusema kwamba wao si wageni wabaya na kwamba kilichowaleta ni heri.

"Dada, subiri," Pua akasema.

Dada alisubiri, akashangaa. Pua alikuwa hajakaa.

"Mama, mimi nimepoteza harufu. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa, sisikii kitu. Ni vanishi. Binti yako alikuwa hajui, amejua leo asubuhi. Leo nimeharibu kazi ya mteja kwa sababu hiyo, naye akanifichia, akasema ni yeye. Mchana nimempigia mkunga nikamweleza ukweli. Nimemwambia na mjomba. Nisingeweza kukaa kwenye kiti hiki kabla hujalisikia hilo."

Dada yake alimtazama kama mtu aliyeona mwizi akivunja dirisha la nyumba anayokaa mwenyewe. Sindano alikuwa ameshika kiti kwa nyuma na vidole vilikuwa vinamuuma. Mama aliinuka, akazunguka meza, akasimama nyuma ya Pua.

"Geuka huko," akamwambia. "Vuta pumzi."

Akaweka sikio mgongoni mwa kijana, upande wa kulia, chini ya bega. Akafumba macho. Sindano aliujua mkao ule; aliuona kila asubuhi kwa miaka miwili ya mwisho ya baba yake, mama akiwa bado na kanga ya kulalia, sikio lake likitembea juu ya mgongo ule kama anayetafuta mlango.

"Toa. Vuta tena. Hapana, polepole. Toa."

Alihamia upande wa kushoto. Pua, mrefu vile, alikuwa ameinamia mbele kidogo ili mama afike, na jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati lake. Sindano aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anavuta pumzi pamoja naye, na kuitoa pamoja naye.

Mama alijitoa taratibu. "Hakuna filimbi," akasema. "Bado. Mume wangu, mwaka mmoja baada ya pua kufa, kifua kilikuwa kimeshaanza kupiga filimbi." Akarudi kwenye kiti chake. "Na bunduki ya rangi?"

"Nimeirudisha leo, mama. Nimemwambia mjomba sitaishika tena. Kama ana kazi ya mafuta na nta nitaifanya, kama ni randa nitapiga randa."

"Kaka yangu akasemaje?"

"Amenifukuza."

Hapo mama akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alicheka, kicheko kifupi kikavu, akajifuta jicho kwa ncha ya kidole.

"Mume wangu alimwogopa kaka yangu miaka kumi na tisa," akasema. "Kila mwaka alikuwa ananiambia, mwaka huu nitamwambia."

Kisha uso wake ukarudi kuwa ule wa siku zote, akatoa masharti yake. Pua aende hospitali, kwa daktari wa kifua na wa pua, siyo kwa muuza dawa wa dukani. Asirudi kwenye tina kwa shida yoyote itakayomkuta. Baada ya miezi sita aje tena, amgeuzie mgongo pale pale, naye mama asikilize. Sasa hivi yeye hajakubali, na wasije wakasema huko nje kwamba amekubali. Lakini pia hajakataa.

"Ila aliyedanganywa hapa si mimi," akamalizia, akimgeukia binti yake. "Hayo mengine muulize mwenyewe."

Wote wakamtazama Sindano. Sindano, ambaye mafundi wote walimjua kwa ulimi, alisema tu kwamba chai inapoa. Wakanywa chai. Dada yake Pua, akiwa amenyang'anywa hotuba yake, alimsifia mama pazia lake, wakazungumza habari ya mapazia mpaka vikombe vikaisha.

Walipoaga, Sindano alisema atawasindikiza mpaka getini. Getini hakusimama. Dada alitangulia akichechemea kwa viatu vyake, akajitia kutosikia lolote, na wale wawili wakafuata nyuma wakiwa na nafasi ya mtu wa tatu katikati yao.

Sindano alianza hapo. Alimwambia kwamba kusema ukweli mbele ya mama hakufuti miezi kumi. Pua akakubali. Alimwambia kwamba alimfanya aonekane mjinga, aliyekuwa akibadilisha sabuni kwa ajili ya mtu asiyesikia hata moshi. Pua akakubali na hilo. Sindano akamwambia aache kukubali kila kitu, anamchosha. Walifika kituoni. Dada aliketi kwenye benchi, akavua kiatu kimoja na kukikanda kisigino.

"Mkunga alisemaje?" Sindano akauliza, kwa sababu lilikuwa jambo rahisi zaidi.

Pua akasema kwamba mkunga alimwambia vitanda vile avikwangue yeye mwenyewe, kwa mikono, kwa msasa, mjomba apende asipende, na akimaliza mtu mwingine anuse. Na akamwambia amfikishie dada wa viti samahani yake, hakumuaga vizuri asubuhi.

Basi likaja, likafungua mlango, likaufunga, likaenda zake.

"Nijibu kitu kimoja," Sindano akasema. "Na usichukue neno la mtu. Kama harufu yangu hukuijua, ulinipendea nini?"

Pua alikuna kidole gumba. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba dada yake kwenye benchi aliacha kukanda kisigino.

"Wiki ile ulipoanza kazi," akasema, "chumba chako kilikuwa nyuma ya ukuta wangu. Kuna siku nilizima kompresa, ile mashine ya upepo wa bunduki, nibadilishe rangi, nikakusikia. Ulikuwa unagombana na kochi. Peke yako. Unaliambia limekaa kama mzee aliyenyimwa chakula, halina haya, halina shukrani. Ulipolipiga msumari wa mwisho ukaliomba radhi. Ukaliambia, pole, lakini ulizidi." Alikiachia kidole. "Basi nikawa nazima kompresa. Kila nusu saa nazima, nisikie unaligombeza lipi. Mjomba wako akadhani mashine imekufa. Aliita fundi mara mbili."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaizima?"

"Fundi alibadilisha mkanda, akabadilisha na swichi. Mashine ilikuwa nzima kabisa."

Sindano alibana midomo. Aliangalia barabara, akaangalia viatu vyake, lakini kicheko kilikuwa kimeshampita. Kilimtoka puani, kibaya, cha mtu aliyekuwa karibu kulia.

"Usifikiri nimekusamehe kwa sababu nimecheka."

"Sifikiri."

"Kesho hospitali tunakwenda wote. Nitasikia kwa masikio yangu anachosema daktari. Usije ukanitafsiria."

"Sawa."

"Na ile 'ndiyo' yangu pale uani ilichelewa kwa sababu nilimkumbuka baba. Haikuwa hapana."

"Nilijua baadaye," Pua akasema. "Pale pale sikujua."

"Ulinihukumu."

"Nilikuhukumu."

"Nimekwambia uache kukubali kila kitu."

Ile nafasi ya mtu wa tatu kati yao ilikuwa imebaki upana wa mkono. Sindano alikuwa ameanza jingine, la kwamba angeambiwa hata siku ya vitanda, hata Ijumaa, kabla hajapaka ubao wa kwanza, na Pua alikuwa anamjibu, safari hii bila kukubali, basi la pili liliposimama mbele yao na kondakta akauliza kama wanapanda. Dada alivaa kiatu chake haraka, akainuka, akamtazama mdogo wake.

Aliyejibu ni Sindano. "Liache liende, dada," akasema. "Bado hatujamaliza."